Meza ya Bana Sampa na Ngwee Zilizokufa

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Bwana Katongo, pamoja na wajumbe wote wa Kamati ya Soko la Masuku, Luanshya, Zambia.

Salamu za heshima ziwafikie mlipo. Mimi niliyetia sahihi, Chitalu Nkole, ambaye hapa sokoni hujulikana kama Bashi Kabaso, yaani baba yake Kabaso, mwandishi wa barua na maombi, mwenye meza kati ya Bana Sampa, yaani mama yake Sampa, muuza karanga na Bwana Jere mfua bati, nawasilisha mbele yenu shajara yangu ya mvua za mwaka huu wa 2013. Kamati imekwisha kutamka kwamba mwisho wa Aprili Bana Sampa aondolewe katika meza yake, kwa kosa la kulipa ushuru kwa fedha isiyo halali. Kusudi langu ni kuiomba Kamati isome haya, kisha iamue upya. Nimenakili siku zile tu zinazohusu shauri hili, pamoja na chache za mvua. Mahali ambapo maoni yangu ya Januari hayafanani na yale ya Aprili sikusahihisha, kwa kuwa hati iliyosahihishwa baadaye haiaminiki.

2 Januari

Mvua tangu alfajiri. Fedha mpya imeanza kutumika. Sifuri tatu zimeondolewa: iliyokuwa kwacha elfu moja sasa ni kwacha moja, iliyokuwa mia tano ni ngwee hamsini, yaani nusu kwacha, na hadi mwisho wa Juni fedha zote mbili zitapokelewa kwa pamoja. Nimeandika maelezo hayo kwa herufi kubwa nikayabandika mbele ya meza yangu kwa faida ya umma. Bwana Jere aliyasoma kwa sauti, kisha akaniuliza mbele ya wateja, "Sasa wewe mla tumbili, na akili zako wamezikata sifuri tatu, au zilikuwa hazifiki?"

Mimi ni Mbemba, yeye ni Mngoni wa Chipata. Utani huo ni haki yake. Nilimjibu kwamba panya wanaoliwa kwao sasa watauzwa ngwee tano fungu, jambo litakaloinua hali ya ukoo wake.

3 Januari

Sarafu hazijafika sokoni. Mvua.

5 Januari

Sarafu zimefika. Sisi watu wazima hatukuwa tumeshika sarafu ya nchi yetu kwa karibu miaka ishirini, tangu bei zilipopanda hata mfuko mzima wa ngwee usitoshe kununua kiberiti. Watoto wetu hawajaziona kabisa. Wanaziuma, wanazizungusha juu ya meza. Bwana Jere ana sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio mbovu. Aliigusisha kwenye ngwee tano yenye rangi ya shaba, ikanasa.

"Chuma," akasema. "Chuma kilichovaa koti. Ninyi watu wa migodini mmechimba shaba tangu enzi za babu zenu, na mnacholetewa ni ngozi yake."

Nilimwambia kwamba thamani ya fedha haimo katika madini yake bali katika sheria iliyoitoa. Akasema sheria hainasi kwenye sumaku.

9 Januari

Naandika kwa masikitiko juu ya mwenendo wa jirani yangu Bana Sampa. Anakataa ngwee tano. Leo mteja, kijana wa karakana, alinunua karanga na kudai baki yake.

"Mama, chenji yangu ngwee tano."

"Ngwee tano ya kufanyia nini? Kupigia mluzi? Lete mkono." Akamtilia konzi moja ya karanga. "Hiyo ndiyo chenji. Ikikushinda kutafuna, irudishe."

Nyongeza hiyo, ambayo sote twaiita mbasela, ndiyo imekuwa baki ya wauzaji tangu sarafu zilipopotea. Lakini sasa sarafu zipo. Nilimweleza Bana Sampa kwa lugha ya upole kwamba kukataa fedha halali ni kinyume cha taratibu.

"Bashi Kabaso," akasema, "taratibu hizo huliwa na nini? Chumvi peke yake, au na nyanya?"

Nakusudia kupendekeza kwa Kamati kwamba aonywe.

15 Januari

Leo yametokea mambo ambayo sharti niyaandike kwa urefu.

Mjane mmoja mzee, tunayemwita Nakulu Mwelwa, yaani bibi Mwelwa, alikuja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani kwa ajili ya mvua. Alikuwa na majani ya maboga kwenye beseni na alitaka karanga za kuyaungia. Alitoa ngwee hamsini. Nilipoitazama niliona si sarafu mpya. Ilikuwa ile ya zamani, ya enzi za rais wa kwanza, yenye sura yake. Bwana Jere aliigusisha sumaku, haikunasa.

Ilinibidi niingilie kati, kwa kuwa elimu ya umma ni wajibu wangu. "Nakulu, hii haitumiki."

"Redio imesema nini?" akaniuliza.

"Imesema ngwee imerudi."

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Ngwee hamsini, Nakulu."

"Nani aliandika?"

"Serikali."

"Basi wewe unanizuia kwa amri ya nani?"

Nilimfafanulia kwamba ngwee hizo zilikufa kwacha ilipoanguka, na kwamba zilizorudi ni nyingine zenye jina lile lile. Aliniangalia, maji yakimtiririka puani. "Zimekufa," akasema. "Mume wangu alikuwa akiingia shimoni kukiwa giza na kutoka kukiwa giza. Kila mwisho wa mwezi alileta hizi, mimi nikaziweka. Kama hizi zimekufa, yeye alifanya kazi gani miaka yote ile?"

"Nakulu, njoo huku," Bana Sampa aliita. "Achana na huyo, kichwa chake kimejaa wino. Lete hamsini yako." Akampimia kopo, akalijaza mpaka likawa na kilima, akaongeza mbasela juu yake. Sarafu aliitia katika mkebe mtupu wa kakao aliouokota chini ya meza, mbali na mkebe wa mauzo.

22 Januari

Nakulu Mwelwa amekuja tena na hamsini nyingine. Amehudumiwa. Hakunisalimu.

29 Januari

Amekuja tena. Alipoondoka nilimuuliza Bana Sampa kama anafahamu kwamba anapokea vipande vya madini visivyo na thamani.

"Unadhani mimi ni kipofu?"

"Basi mpe karanga bure, ijulikane ni sadaka."

"Mpe wewe sadaka uone kama atapokea. Atakutupia usoni. Yule hajaomba tangu mumewe afe." Aliendelea kupepeta karanga zake. "Mimi namuuzia. Anachagua, anateta kwamba kopo langu limebonyea, anadai mbasela yake, anakwenda zake amenyoosha mgongo. Kuna ubaya gani?"

Nilisema ubaya ni kwamba hakuna kanuni inayoitambua biashara ya namna hiyo. Bwana Jere alisema pia hakuna kanuni inayonitambua mimi, na bado napewa maji ya kunywa.

6 Februari

Mvua. Hakuna barua hata moja.

11 Februari

Nimefanya uchunguzi wa bei, na matokeo yamenisumbua. Vitu vingi vilivyokuwa vikiuzwa mia tano za zamani sasa vinauzwa kwacha moja kamili, yaani maradufu. Wauzaji wanadai sarafu ndogo ni usumbufu. Chumvi ya kijiko imekuwa kwacha moja. Kitunguu kimoja, kwacha moja. Mnunuzi akidai bei ya ngwee huambiwa, "Kwacha siku hizi ni moja tu, unataka tuikate kwa kisu?"

Meza moja tu katika mstari wetu haijapandisha bei, nayo ni ya Bana Sampa. Hatoi sarafu ndogo, lakini konzi yake imejaa, na anayestahili ngwee tano hupata karanga za zaidi ya ngwee tano. Lile onyo nililokusudia kulipendekeza nimeliahirisha.

19 Februari

Habari za msiba. Kaka yake Bana Sampa amefariki Mpika. Watu walikusanyika nyumbani kwake hapa Luanshya kumlilia kabla hajapanda basi. Nilikuwa nimekaa na wanaume nje, tukiwa na utulivu unaostahili, Bwana Jere alipoingia uani, akajilaza mlangoni juu ya matope, akaanza kupiga kelele.

"Amka, wewe! Wabemba kwa uvivu! Hata kufa mnakufa mmelala! Amkeni mfe mmesimama kama Wangoni!"

Wanawake waliokuwa wakilia walishikana mabega kwa kicheko. Bana Sampa, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake, alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia vizuri, kisha akala nshima, ule ugali wetu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na Bwana Jere aliifanya bila kupunguza. Alipasua kuni pia, na akaahidi kuilinda meza ya mfiwa mpaka atakaporudi.

21 Februari

Bwana Jere anauza karanga kwa kuwatukana wateja. Mauzo ni mazuri.

26 Februari

Mvua kubwa kuliko zote za mwaka huu. Sikuwapo, nilikuwa ofisi za boma kupeleka maombi ya mteja. Nilirudi jioni nikakuta mfereji umefurika na Bwana Jere amepanda juu ya meza ya Bana Sampa, amekumbatia gunia la karanga kama mtoto.

28 Februari

Mtoza ushuru, Bwana Chisha, alipita kwa wauzaji wote akiwa na sarafu mbili kiganjani. Alisema amelipwa ushuru wa kwacha moja kwa ngwee hamsini mbili zilizokufa, na kwamba fungu alilozitoa ni la mstari wetu, meza ya Bana Sampa. Siku aliyozipokea haikumbuki, kwa kuwa huhesabu mwisho wa mwezi. Amelazimika kuzifidia kutoka mfukoni mwake. Hasira yake naielewa.

4 Machi

Bana Sampa amerudi kutoka Mpika, amekonda. Kabla hajafunua karanga zake alikwisha kuelezwa habari na watu watatu, kila mmoja kwa maneno yake. Alitoa kwacha moja akampelekea Bwana Chisha, akapokelewa. Mimi nilidhani limekwisha.

7 Machi

Halijakwisha. Sokoni wanasema kuna sarafu bandia. Muuza nyanya amekataa ngwee hamsini mpya kabisa. Muuza mkaa anauma kila sarafu, na kuna moja imemvunjia jino, jambo ambalo ameliongeza katika ushahidi.

12 Machi

Sikukuu ya vijana. Mvua. Gwaride lilipita mbele ya soko likiwa limelowa.

14 Machi

Sasa mstari mzima unakataa sarafu zote. Wanunuzi wasio na noti wanarudi nyumbani mikono mitupu, na wenye noti wanakosa baki. Bei za kwacha moja zimeanza kuwa kwacha mbili, kwa kuwa noti mpya ndogo kuliko zote ni ya mbili, na za zamani zimeadimika. Bana Sampa ameitwa mbele ya Kamati.

20 Machi

Nilihudhuria kikao nikiwa mwandishi asiye na kura. Naandika nilichokisikia.

Mheshimiwa Mwenyekiti aliuliza kwa haki na kwa upole kama sarafu zile zilitoka katika meza ya Bana Sampa.

"Zilitoka kwangu," akajibu.

"Ulizitoa mwenyewe?"

"Mkebe ni wangu na meza ni yangu."

"Nimeuliza mkono, Mama. Mkono ulikuwa wa nani?"

Alinyamaza. Aliulizwa tena, akanyamaza. Ndipo Bwana Jere aliposimama nyuma, bado amevaa aproni yake ya ngozi.

"Wa kwangu," akasema. "Yeye alikuwa Mpika akizika. Mimi ndiye niliyelipa."

Kicheko kilianzia kona ya wauza samaki, kikaenea hadi mezani pa wajumbe. "Mtani hamwachi mtani!" mtu mmoja alipaza sauti. "Mngoni anataka kunyongwa badala ya mla tumbili!"

"Nasema kweli," alisema Bwana Jere.

"Na juzi ulisema kweli pia, kwamba mke wangu ni bibi yako!" mwingine alidakia.

"Nilichukua mkebe usiofaa, jamani. Nisikilizeni."

Kila aliposema neno walizidi kucheka. Mheshimiwa Mwenyekiti alijifuta macho kwa leso, akasema, "Bwana Jere, tumekusikia, utani wako tumeupokea, sasa utuachie kazi." Baada ya hapo Kamati ilitamka kwamba, kwa kuwa mshtakiwa hakujitetea na soko limepata hasara ya imani, meza itatolewa kwa mwingine mwisho wa Aprili.

Sikumbuki kama na mimi nilicheka. Nadhani nilicheka.

21 Machi

Nilimuuliza Bana Sampa kwa nini hakumtaja.

"Nimtaje nani?"

"Yule aliyelipa."

"Mtani hashtakiwi, Bashi Kabaso. Wewe Mbemba gani hujui hilo? Alikuja akalala kwenye matope mlangoni pangu nikiwa na msiba. Nitasimamaje mbele ya watu nimnyooshee kidole?"

"Lakini utapoteza meza."

"Nitaweka beseni kando ya barabara. Walioanza sokoni hapa wote walianzia barabarani."

Amekuwa na meza hiyo tangu mgodi ulipompunguza mumewe, na watoto wake wamesoma kwa meza hiyo. Kando ya barabara askari wa baraza hukusanya mabeseni, na mvua haiulizi mtu cheo chake.

2 Aprili

Baada ya Pasaka. Manyunyu tu, mvua zinaondoka.

Bwana Jere alikuja mezani kwangu asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Bashi Kabaso," akasema.

Miaka yote tuliyokaa jirani hajapata kuniita kwa jina langu. Niliweka kalamu chini.

"Chisha alikuwa ananyeshewa," akasema. "Mfereji umefurika, maji yananifika magotini, gunia liko kichwani. Anapiga kelele, ushuru, ushuru. Nikaingiza mkono chini ya meza, nikashika mkebe wa kwanza, nikatoa hamsini mbili. Sikuzitazama. Yeye naye hakuzitazama."

"Nakuamini," nikasema.

"Wewe pekee," akasema. "Maisha yangu yote nimetaka kuwachekesha Wabemba namna ile, wote kwa pamoja, mpaka machozi. Siku ile sikutaka."

Kisha alitoa kwacha tano. Akasema analipia barua, na bei ya barua anaijua. Nilimwambia kwamba jambo hili halina malipo. Alisema siku nitakayomfanyia kazi bure ndiyo siku atakayoniheshimu, na Mungu atuepushe na siku hiyo. Nilipokea.

9 Aprili

Nakulu Mwelwa amesikia habari. Sijui kwa nani. Alikuja bila sarafu, amebeba furushi la karanga mpya za shambani, bado zina udongo. Alizimwaga juu ya meza ya Bana Sampa zote.

"Zihesabu," akasema. "Nilichokula kwako tangu Januari kipo hapo, na mbasela juu."

"Nakulu, haikuwa deni."

"Najua haikuwa deni, nilikuwa nikilipa. Nimeambiwa nililipa kwa kitu kilichokufa. Sasa nalipa kwa kilicho hai." Akanigeukia mimi. "Na wewe mwenye wino. Ulisema kweli siku ile. Lakini ulisema kama mtu anayefunga mlango."

Nilisimama nikamwomba radhi. Alizipokea, akaniagiza niandike kwamba yuko tayari kufika mbele ya Kamati akiwa na zile sarafu zake zilizobaki, wazione. Naandika.

16 Aprili

Leo hakuna mvua. Nimekaa kuhitimisha.

Waheshimiwa, hoja yangu ni fupi. Mila yetu imefunga shauri hili pande zote mbili. Bana Sampa hawezi kumshtaki mtani wake, hasa aliyemsaidia kuomboleza. Na mtani wake akijishtaki mwenyewe mbele ya Wabemba, hasikiki, kwa sababu sikio letu kwa Mngoni limezoea kicheko. Siilaumu Kamati. Mimi mwenyewe nilikuwamo chumbani nisisikie.

Iko njia. Mjumbe wenu Bi Namakau ni wa kabila la Lozi, kutoka magharibi, hana utani na Mngoni wala na Mbemba, na siku ya kikao hakuwapo kwa sababu ya homa. Bwana Jere ahojiwe naye, peke yao, kisha mjumbe huyo aieleze Kamati alichosikia. Bwana Chisha aulizwe kama mtu aliyemlipa siku ya mafuriko alikuwa mwanamke au mwanamume mwenye gunia kichwani. Nakulu Mwelwa asikilizwe. Kwacha moja ya ushuru ilikwisha kulipwa tarehe 4 Machi.

Tena naiomba Kamati itangaze sokoni kwamba sarafu mpya zote ni halali, ikiwemo ngwee tano, na kwamba muuzaji asiye nayo aruhusiwe kutoa baki kwa mbasela, mradi konzi ijae. Bana Sampa nimemsomea kifungu hiki. Amekubali kupokea ngwee tano kuanzia leo, ingawa amesema bado hajui atazipigia mluzi gani.

Meza hiyo imekwisha kuahidiwa mtu mwingine, na siku zimebaki chache. Naomba Kamati iamue kabla ya tarehe 30 Aprili kama Bana Sampa anabaki au anaondoka, na inijulishe kwa maandishi.

Mimi, kwa heshima,

Chitalu Nkole